Mapapa wa kwetu Mwanza ni samaki gani?

Juzi kati nilikuwa kwenye ofisi moja hapa mjini, siitaji, nafuatilia karatasi ambayo kwa utaratibu wao wenyewe inatakiwa itoke ndani ya siku chache na mi nilikuwa naingia mwezi wa pili. Karani akaniangalia, akaangalia simu yake, akasema "kaka na wewe changamka basi, hata ya soda". Nikamwambia si mmebandika hapo nyuma ya kichwa chako kwamba rushwa ni adui wa haki. Hakukasirika hata kidogo, alicheka kabisa meno yote nje, akanijibu "aah kaka, sisi vidagaa tu, mapapa si unawajua walipo". Alaf akaniambia nirudi Alhamisi.

Natoka nje ya jengo ziwa hili hapa, upepo unapiga, mitumbwi ile kule, na nikajikuta nasimama kama mjinga naangalia maji. Kwa sababu ziwa hili lote la Victoria, kilometa za mraba kama 68,800, karibu nusu yake la kwetu Tanzania na lililobaki la Uganda na Kenya, halina papa hata mmoja. Papa ni wa baharini. Sasa huyu karani aliyezaliwa pengine hapo Igoma au Buhongwa, akakulia kwenye ugali na furu, wale samaki wadogo wa humu ziwani, anajificha nyuma ya samaki ambae hajawahi kumuona akiwa mzima toka azaliwe. Na mi nilimwelewa papo hapo, papa ni mla rushwa mkubwa na dagaa ni mdogo! Msemo umetoka Pwani ukapanda basi, kilometa zaidi ya 1,100, ukafika Mwanza ukakubalika bila mtu kuuliza huyo mnyama anafananaje.

Bibi yangu mimi ukimwambia Papa anajua moja tu, yule aliyekuja Mwanza Septemba 1990, Yohane Paulo wa Pili, na ukimwambia serikali inatakiwa iwakamate mapapa atakupiga na mwiko.

Tuanze na msemo wenyewe ulikotoka. Maneno ya siasa yetu ya kumsema mwizi wa mali ya umma yanabadilika kila zama na ukiyafuatilia yanakuonyesha watu walikuwa wanaogopa nini wakati huo. Enzi za Azimio la Arusha, 1967 na kuendelea, mnyama alikuwa kupe. Kupe, mnyonyaji, mirija. Huku Usukumani hilo neno halikuhitaji mkalimani maana mtu ana ng'ombe wake anamjua kupe kwa jina na kwa makazi, anakaa kwapani, anakaa chini ya mkia, ananyonya mpaka anavimba kama punje ya harage. Na dawa yake inajulikana, unapeleka ng'ombe josho, anaingia mzima mzima, kupe wote wanakwenda na maji, mkubwa kwa mdogo. Hakuna anaeuliza kama tuanze na kupe wakubwa. Ukafika 1983, Sokoine akiwa waziri mkuu, wanyama wakaachwa kidogo tukapata mlanguzi na mhujumu uchumi, maneno makavu ya kipolisi, mtu anasakwa na sabuni na kanga zake chini ya kitanda.

Alaf ikaja 1996. Rais Mkapa ameingia juzi tu, anaunda tume chini ya Jaji Joseph Warioba ichunguze rushwa, na ile ripoti ikafanya kitu ambacho kwa maoni yangu ndo kilichimba shimo ambalo papa na dagaa walikuja kuogelea humo. Ilisema wala rushwa wako wa aina mbili. Kuna wale wanaochukua kwa sababu kipato hakitoshi, wanajazia mshahara, na kuna wakubwa ambao hawana shida yoyote, ni tamaa ya kujilimbikizia. Uchambuzi mzuri tu, hata mi nakubaliana nao. Ila ukishawagawa watu hivyo, wa chini ana shida na wa juu ana tamaa, umempa yule wa chini utetezi ambao alikuwa anautafuta miaka yote. Karani wangu hajawahi kuisoma hiyo ripoti, nina hakika, lakini alinijibu kutoka humo humo.

Kuhusu neno fisadi lenyewe, wazee wa Pwani watakwambia zamani fisadi alikuwa mtu wa kuharibu wake za watu na mabinti za watu, mtu mpotovu, neno la Kiarabu lile. Siasa ndo ilikuja kulichukua na kulihamishia kwenye hela. Septemba 2007 Dk. Slaa wa Chadema, chama cha upinzani, alisoma orodha ya majina pale Mwembeyanga Temeke na toka siku hiyo fisadi akawa mtu wa mikataba na akaunti za Benki Kuu. Ile EPA, akaunti ya madeni ya nje pale Benki Kuu zilikochotwa shilingi bilioni 133, ndo watoto wa shule walijifunzia kuandika sifuri nyingi. Februari 2008 waziri mkuu Lowassa akajiuzulu kwa ishu ya Richmond, ule mkataba wa umeme wa dharura. Kwa hiyo kufika 2009 neno fisadi lilikuwa limechoka kwa kutumika, kila mtu fisadi, mwenyekiti wa kijiji aliyekula hela ya bati fisadi, na waliochota mabilioni nao fisadi. Neno moja lilikuwa linabeba gunia na kiberiti kwa pamoja.

Hapo ndo Aprili 2009 Reginald Mengi, mwenyekiti wa IPP, kampuni yenye vyombo vya habari, akaita waandishi wa habari Dar akatamka "mafisadi papa" na akataja watu watano kwa majina. Papa kama msemo alikuwepo mtaani kabla yake, watu walishakuwa wanasema wakubwa wanaachwa wanakamatwa vidagaa, ila yeye ndo alimpa papa cheo cha kisiasa. Na jibu lilivyokuja ndo utamu wenyewe. Rostam Aziz, mmoja wa waliotajwa, wakati huo mbunge wa Igunga, akajibu mapigo kwamba papa ni cha mtoto, Mengi mwenyewe ni "fisadi nyangumi". Igunga jamani. Huko Tabora. Hata ziwa hakuna, watu wanagombania maji ya bwawa na ng'ombe, na mbunge wao ndo ametuletea nyangumi kwenye Kiswahili cha siasa.

Siko hapa kuamua nani kati yao alikuwa mkweli, hilo si langu. Naangalia neno limefanya nini. Mtu anatoka na tuhuma nzito, ana majina matano mkononi, na ndani ya siku chache nchi nzima tunajadili nani mkubwa kati ya papa na nyangumi. Kwenye vijiwe vya kahawa pale Makoroboi nakumbuka watu walibishana mpaka glasi zinapoa, mmoja anasema nyangumi si samaki yule ni mnyama anazaa na kunyonyesha, mwingine anasema basi hajaguswa maana wamesema samaki, vicheko, kesho yake tena. Ule mjadala wa hela zilikwenda wapi ulihamia kwenye biolojia! Na kumbe nyangumi wakubwa kuliko wote wala hawana meno ya kutafunia, wanachuja vijidudu vidogo vya baharini wanameza. Kwa hiyo kama tusi lile lilikuwa na maana yoyote ya ndani basi lilisema kitu ambacho hata mtukanaji hakukikusudia.

Sasa hapa ndo nataka tukae kidogo. Kazi kubwa ya papa, kwenye mazungumzo yetu ya kila siku, ni kumsaidia msemaji asitaje jina. Sikiliza daladala ya kwenda Kisesa asubuhi. "Mapapa wanakula nchi." Nani? Kimya, watu wanaangalia nje. Ukisema papa umelalamika, umeonekana mtu mwenye uchungu na nchi, na hakuna wa kukuuliza ushahidi uko wapi maana hujamsema mtu. Ndo maana ile ya 2009 ilikuwa kioja, kwa sababu mtu alichukua neno la kuficha akaliwekea majina, na neno likamshinda, likarudi kwenye kazi yake ya kuficha. Na upande wa pili angalia dagaa. Dagaa hana umoja. Hujawahi kusikia mtu kanunua dagaa mmoja, dagaa anapimwa kwa kopo, kwa sado, kwa gunia. Ukijiita dagaa umejitoa kwenye hesabu ya watu, umekuwa sado. Lakini kwenye magazeti mambo yako kinyume, karani aliyepokea elfu hamsini anaandikwa majina yake yote matatu na umri na mtaa anaokaa, mkubwa anaandikwa "kigogo mmoja". Kwa hiyo msemo unampa jina mwenye kustahili kufichwa na unamficha mwenye kustahili jina, au vyovyote utakavyoupindua, hauko upande wetu.

Wachina nao wana wa kwao, Xi Jinping alipoingia alisema 2013 atawapiga chui milia na nzi kwa pamoja. Mi nauona umewekwa vizuri kuliko wetu, maana nzi hakuna anaemuonea huruma. Dagaa sisi tunampenda, tunamla.

Turudi ziwani. Hivi kama huu msemo ungezaliwa Mwanza badala ya Pwani ungekuwaje? Nadhani ungekuwa wa sangara, na sangara ni habari tofauti kabisa. Papa yuko baharini toka dunia iumbwe, hakuna aliyemleta, ukimsema mwizi kuwa ni papa umemaanisha ndo maumbile yake na bahari ndo nyumbani kwake, utafanyaje. Sangara aliletwa. Ziwa Victoria halikuwa na sangara, miaka ya 1950 watu wa idara ya uvuvi wa kikoloni upande wa Uganda walimchukua kutoka maziwa mengine wakamtia humu, mwanzoni kimya kimya, na miaka ya 60 mwanzoni wakafanya rasmi, wakitaka samaki mkubwa wa biashara. Kulikuwa na wataalamu waliopinga. Ikapita miaka ishirini hivi anaonekana wa kawaida tu, alaf miaka ya 80 akalipuka, na furu waliokuwemo humu, mamia ya aina, aina nyingi mpaka leo hazijaonekana tena. Kila hatua hapo ina mtu na ina kikao. Kuna aliyebeba ndoo na kuna aliyesaini, na wapo waliosema subirini wakapuuzwa.

Na sangara hazaliwi mkubwa. Anaanza kiduchu anakula uduvi na vijidudu, akiongezeka anahamia kwa furu na dagaa, akiongezeka tena anakula hadi watoto wa sangara wenzie. Anaweza kufika karibu mita mbili na kilo 200. Mtu akikwambia fulani ni sangara, swali linalokuja lenyewe mdomoni ni alikuwa wapi akiwa na sentimita kumi, alikuwa anakula nini, na nani alimpita akamwona akasema mwache huyu bado mdogo. Wahenga walishasema samaki mkunje angali mbichi na sidhani kama walikuwa wanaongelea mapishi.

Cha kuchekesha wanasiasa walishamtumia sangara, na kwa namna mbili ambazo ukiziweka pamoja utashika kichwa. Kabla ya uchaguzi wa 2010 Chadema walikuwa na Operesheni Sangara, wanazunguka nchi nzima na mikutano, wakiwasema mafisadi, jina wamechukua la samaki mlafi kuliko wote ziwani, na kanda hii ikawaelewa, mwaka ule walichukua Nyamagana, Ilemela na Ukerewe. Alaf Januari 2018 jina lile lile likarudi, safari hii kwa serikali, Operesheni Sangara 2018 ya wizara ya mifugo na uvuvi dhidi ya uvuvi haramu. Hii ya pili haikuwa ya majukwaani. Nyavu zilichomwa moto ufukweni, makokoro, timba, zile nyavu zilizokatazwa, moshi mweusi ule wa nailoni, watu wakapigwa faini, wengine walikimbilia visiwani. Na hapo ndo nilisikia papa na dagaa likitamkwa na wavuvi wenyewe kwa sauti ya kulia kabisa, kwamba timba haioti ufukweni kama matete, imeingia nchini kwa kontena, imepita mpakani, imeuzwa dukani mjini na risiti ikatolewa, na anaechomewa ni mimi wa mwisho kwenye mnyororo. Nilikaa na jamaa mmoja pale Igombe, mtumbwi si wake, ni wa tajiri, nyavu za tajiri, injini ya tajiri, yeye ni mikono tu. Nyavu zimeungua na yeye ndo alilala ndani siku mbili. Tajiri alikuja kumtolea dhamana, akamkata kwenye mgao wa mwezi ule. Nakiri, yule alikuwa na haki ya kujiita dagaa. Sangara waliletwa na wengine, na nyavu za kuwavulia huyu hakuzinunua.

Kuna kitu kingine cha enzi hizo nilikuwa nakisimulia kijiweni watu wanadhani natania. Kwa miaka kadhaa kanuni ya sangara ilikuwa usimvue chini ya sentimita 50 na usimvue zaidi ya 85. Mdogo aachwe akue, hiyo kila mtu anaelewa. Ila mkubwa sana naye aachwe, kwa sababu yale majike makubwa ndo yenye mayai mengi mno, ukiyamaliza umemaliza mbegu. Kitaalamu ina mantiki nzuri kabisa. Lakini itamke mbele ya watu waliochoka na siasa uone. Mkubwa zaidi ya sentimita 85 analindwa na sheria kwa sababu ndo anazaa! Mzee mmoja pale alicheka mpaka akavua kofia, akasema basi hiyo kanuni imeandikwa na mtu anaeijua nchi hii.

Na minofu ndo hivyo, inapanda ndege inakwenda Ulaya toka viwanda vilipoanza kujengwa hapa Mwanza, sisi tukabaki na mapanki, kichwa na mifupa na kanyama kalikoshikilia, yanakaangwa barabarani na ni matamu usipime. Siwezi kuyasema vibaya mapanki yamenisomesha.

Lakini turudi kwa karani maana bado ana karatasi yangu. Nilichokosa kumjibu pale ni kwamba dagaa wa ziwa hili si wanyonge kama anavyojisikia. Kwa uzito dagaa ndo wanaongoza ziwa zima, hakuna samaki anaewafikia. Magari yanayopakia Mwaloni Kirumba usiku kwenda Congo na kwingineko yanajaa dagaa. Vielfu tano tano vya soda kwenye kila meza, kila siku ya kazi, kila wilaya, hebu vipime kwa gunia uone kama kuna papa atakaefua dafu. Na mtu wa kijijini Magu au Misungwi hajawahi kukutana na mkataba mbovu ana kwa ana. Anakutana na soda. Hospitalini soda, barabarani soda, kupata barua ya mtendaji soda. Kwake yeye rushwa nzima ina sura ya dagaa, na ukimwambia asubiri kwanza wakubwa wakamatwe umemwambia aendelee kulipa.

Wala simaanishi wakubwa waachwe, nisije nikanukuliwa vibaya. Nakataa tu ule mpaka. Msemo umechora mstari majini, huku aina hii ya kiumbe huku aina ile, na dagaa wa kweli hata umlishe miaka mia hatakuwa papa. Watu wa ofisini wanakua.

Alhamisi nilirudi, karani hakuwepo, yuko kwenye semina. Nikaamua niende zangu Mwaloni nikanunue dagaa wa nyumbani siku isiishe bure. Kuna mama nanunua kwake miaka mingi, Msukuma, meza yake iko upande wa majini. Nikamsalimia mwangaluka mayu, akaitika, akaniuliza mbona umenuna kama umefiwa. Nikamwelezea kisa chote, soda, vidagaa, mapapa. Akasikiliza huku anachambua dagaa kwenye turubai, anatoa mchanga na magamba.

"Papa ndo samaki gani?"

"Wa baharini mayu. Mkubwa, ana meno."

"Anafika huku?"

"Hafiki."

"Sasa mnamtafuta huku wa nini?"

Mikono haijasimama. Akachambua tena kidogo, akatoa kitu katikati ya dagaa, akakiweka kiganjani akanisogezea. Kikavu, kirefu kama kidole changu cha mwisho, mgongo umepinda, mdomo mkubwa kuliko mwili. Sangara. Wananaswa na nyavu za dagaa usiku, taa ikiwaka wanakuja wote, wanakaushwa wote kwenye mchanga mmoja na wanaingia gunia moja.

"Na huyu mwanangu," akaniuliza, "ni dagaa?"

Nikamwangalia yule samaki. Alishakauka na macho.

Akamrudisha kwenye rundo, akazamisha sado, akanipimia.